Nimekatika vidole kiwandani, HR kaniletea barua ya "kuacha kazi kwa hiari". Nisaini?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni opareta wa mashine ya kutengeneza ndoo za plastiki, kiwanda kipo Dar, nina miaka sita pale, mshahara laki nne. Mwezi wa pili mashine ilinibana mkono wa kulia, nimebaki na kidole gumba na kile kidogo cha mwisho, vitatu vya kati vilikatwa. Kampuni ililipa hospitali, mshahara wakanipa mzima miezi miwili alafu ukawa nusu. Sasa mwezi huu wa saba HR kaniita kanipa barua inayosema naacha kazi kwa hiari kwa sababu za kiafya, nikisaini napewa milioni moja na nusu. Nikauliza kuhusu WCF, akasema ile ni ya waliokufa na waliokatika miguu, na isitoshe mimi nilizembea. Mke wangu anasema nichukue hela, niombe na mkopo wa halmashauri wa watu wenye ulemavu, nifungue duka. Naomba kujua, serikali ina msaada wowote wa kunirudisha kazini au ndo basi tena?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Usisaini.

Hata kama mwisho wa siku utaamua kuondoka pale, usisaini hiyo barua wiki hii na usisaini kabla hujajua unachoachia. Kazi yangu ya miaka mingi ni kukaa na watu walioumia kazini pamoja na waajiri wao, na kitu kimoja nakiona kila mara: watu wanautafuta msaada wa serikali wakiwa tayari wameshatoka getini, wakati sehemu kubwa ya msaada wenyewe imefungwa kwenye ajira. Ukiwa bado mfanyakazi, sheria inamsukuma mwajiri wako. Ukishajiuzulu unaanza kusukuma mwenyewe, kwenye soko la ajira ambalo hata mwenye vidole kumi linamtoa jasho.

Nianze na WCF maana hapo HR wako amekuambia kitu ambacho si kweli. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uko kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, na ulianza kazi 2015. Unahusu waajiri wote wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi, na mchango anatoa mwajiri peke yake, kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, haukatwi kwenye mshahara wako hata senti. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria ya tangu enzi za mkoloni ambayo fidia yake ya juu kabisa kwa mtu aliyepata ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, ndo maana wazee wengi mtaani bado wanakwambia fidia ya kazini ni hela ya nauli. Walishuhudia hayo kweli, ila mambo yamebadilika.

Mfuko haulipi waliokufa tu. Unalipia matibabu, unalipa mtu ambaye hawezi kufanya kazi kwa muda, unalipa ulemavu wa kudumu uwe mkubwa uwe mdogo, unalipa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, unatoa huduma za utengamao, yaani za kumrudisha mtu kwenye shughuli zake, alafu ndo kuna msaada wa mazishi na malipo ya wategemezi. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimo humo bila mjadala.

Na hili la "ulizembea" limewafunga mdomo watu wengi sana kwaiyo nalisema wazi. Fidia hii msingi wake ni kwamba umeumia kazini, ukiwa kwenye kazi ya mwajiri. Haisubiri kwanza ithibitike nani alikosea. Kuna utovu wa nidhamu wa makusudi, mtu amelewa au ameamua kufanya kitu cha hatari akijua, huo unaangaliwa kivyake, lakini uzembe wa kawaida wa mtu aliyechoka saa kumi usiku kwenye shifti haukunyimi haki. Tena mashine za plastiki zinatakiwa ziwe na mlango wa usalama, ukifunguliwa mashine isimame yenyewe. Nimeingia viwandani nikakuta mlango ule umefungwa waya ili usisimamishe uzalishaji. Kama yako ilikuwa hivyo, andika sasa hivi ungali unakumbuka: nani alikuwa zamu, mlango ulikuwaje, fundi aliambiwa lini. Hayo ni ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wana mamlaka ya kuja kukagua. Peleka kwao kama jambo la pembeni, usilichanganye na dai lako la fidia.

Sasa muda. Ajali ikitokea mwajiri anatakiwa atoe taarifa kwa Mfuko ndani ya siku saba, na dai lenyewe linatakiwa liwe limefika ndani ya miezi kumi na mbili. Umeumia mwezi wa pili, leo ni mwezi wa saba, kwaiyo bado upo ndani lakini usilale. Swali la kwanza la kumuuliza HR, kwa maandishi, ni hili: ajali yangu iliripotiwa WCF tarehe ngapi, naomba nakala. Kama iliripotiwa ataionyesha. Kama anaanza kuzunguka zunguka, nenda mwenyewe ofisi ya WCF, uko Dar huna haja ya kusafiri, beba kitambulisho, mkataba au salary slip, makaratasi yote ya hospitali tangu siku ya kwanza na majina ya waliokuwepo siku ile. Mwajiri kutojisajili au kutochangia ni kosa lake, ana adhabu zake kisheria, we peleka taarifa tu.

Kuhusu hiyo nusu mshahara. Nadhani wamekupeleka kwenye likizo ya ugonjwa ya kawaida, ile ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 mshahara kamili na 63 nusu. Hiyo ni ya mtu anaumwa malaria, kisukari, mgongo. Mtu aliyeumia kazini ana malipo ya ulemavu wa muda kupitia WCF, asilimia 70 ya mshahara, mpaka miezi 24 kama bado hajapona. Kwako wewe asilimia 70 ni laki mbili na elfu themanini, wao wanakupa laki mbili. Hiyo tofauti ya elfu themanini kila mwezi ulizie WCF ukifika.

Alafu matibabu yakifika mwisho, yaani mkono umeshapona kadiri utakavyopona, daktari aliyefundishwa kazi hiyo anapima umepata ulemavu wa kudumu asilimia ngapi. Ikiwa 30 kushuka chini unalipwa kwa mkupuo, ikizidi 30 unalipwa pensheni kila mwezi. Ule mkupuo unapigwa hivi: asilimia 70 ya mshahara, mara miezi 84, mara asilimia ya ulemavu uliopimwa. Hebu tuseme, kwa mfano tu maana asilimia yako ataisema daktari, sio mimi wala HR, tuseme umepimwa 20. Laki mbili na themanini mara 84 ni 23,520,000, asilimia 20 yake ni 4,704,000. Weka namba hiyo pembeni ya milioni moja na nusu.

Hapa nikuwekee sawa kitu kimoja ili usije ukamvaa HR kwa hoja isiyokaa. Ukisaini ile barua, fidia ya WCF haipotei, maana uliumia ukiwa mfanyakazi na Mfuko ndo unaolipa, sio kampuni. Kinachopotea ni vingine, na ndo vyenye thamani kwenye swali lako la kurudi kazini. Kwanza kinapotea kiinua mgongo cha kisheria, kile cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliofanya, ambacho kinalipwa mwajiri akikusitisha yeye. Miaka sita ni siku 42 za mshahara. Pili fao la kukosa ajira la NSSF linakuwa gumu, kwa sababu lile limewekwa kwa waliopoteza kazi, sio walioacha kwa hiari yao, na barua yako inasema "kwa hiari" kwa maandishi meusi kabisa. Tatu, na hili ndo kubwa, inapotea haki ya kutafutiwa kazi nyingine humo humo kiwandani.

Watu wengi hawajui kama hiyo ya tatu ipo. Kanuni za utendaji bora kazini, Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007, zinasema mwajiri kabla hajamwachisha mtu kazi kwa sababu ya ugonjwa au kuumia lazima aangalie hali ilivyo kwa kweli: tatizo ni la muda au la kudumu, anaweza kurekebishiwa majukumu, kuna kazi nyingine anaiweza, na amsikilize mfanyakazi mwenyewe, akitaka aje na mwakilishi wake. Na kama mtu ameumia kazini hapo hapo, mwajiri anatakiwa ajitume zaidi kumtafutia nafasi kuliko angefanya kwa mtu aliyeumia kwenye bodaboda Jumapili. Ongeza hapo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayomtaka mwajiri aendelee kumweka kazini mtu aliyepata ulemavu akiwa mtumishi wake, na arekebishe mazingira ya kazi yamfae. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20, angalau asilimia tatu wawe watu wenye ulemavu. Kiwanda chenu kina watu wangapi, mia mbili? Basi sita wanatakiwa wawe watu wenye ulemavu. Hesabu mwenyewe uwaone wako wapi. Mwajiri ambaye hajafikisha hiyo asilimia tatu alafu anamtoa mtu aliyepatia ulemavu kwenye mashine yake, huyo hana pa kusimama akiulizwa na afisa kazi.

Ndo maana barua imeandikwa "kwa hiari". Akikuachisha yeye itabidi aonyeshe kwamba alitafuta mbadala akakosa. Ukiacha wewe, haulizwi na mtu.

Sasa nikwambie namna ya kuifanya hiyo haki iwe kazi ya kweli, maana kumwambia bosi "sheria inasema" bila kumwonyesha utakaa wapi kunamfanya aone mzigo tu. Kaa chini na karatasi, pita kiwanda kizima kichwani kuanzia malighafi inaposhushwa mpaka ndoo inapopakiwa. Kwenye ile mashine yako ya zamani pengine hurudi, na usilazimishe, kuvuta ndoo ya moto na kukata mabaki kwa kisu kwa mkono wenye vidole viwili ni kutafuta ajali ya pili. Lakini kuna mtu anakagua ndoo: anaangalia mdomo umekaa mviringo, kama kuna kingo za plastiki iliyozidi, kishikio kinaingia kwenye tundu zake, anaweka ndoo kwenye mizani anasoma uzito, anaandika. Kazi hiyo inataka jicho la mtu aliyepiga ndoo miaka sita, anayeijua ndoo mbovu kwa sauti yake ikidondoka. Kuna stoo, kutoa na kupokea. Kuna anayewafundisha vibarua wapya, ambao ndo wanaoumia sana wiki za kwanza, na sijui ni nani atamfundisha mgeni kuheshimu ule mlango wa usalama kuliko wewe. Chagua kazi mbili au tatu za namna hiyo, ziandike kwa majina yake kama mnavyoziita pale kiwandani, na kila moja sema kitakachohitajika. Mara nyingi ni vitu vidogo, meza isogezwe upande wa kushoto, kishikilia karatasi kisichoteleza, mwezi wa kwanza uanze na masaa machache.

Alafu andika barua yako. Isiwe ndefu wala ya hasira. Kitu kama hiki:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani. Sijaomba na siombi kuacha kazi. Niliumia kazini tarehe fulani na bado naendelea na matibabu. Naomba nakala ya taarifa ya ajali iliyopelekwa WCF. Naomba pia tukae kikao kuzungumzia majukumu ninayoweza kufanya, ikiwemo ukaguzi wa bidhaa na kazi za stoo, nikiwa na mwakilishi wangu. Nipo tayari kupimwa na daktari."

Nakala mbili, moja wakupigie muhuri wa kupokea, ukae nayo. Wakigoma kupiga muhuri, mwende na shahidi, au uitume kwa njia yoyote inayobaki na ushahidi, hata WhatsApp ya HR inasaidia kuliko maneno ya mdomo. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, viwandani wengi ni TUICO, mwite mwakilishi wa tawi aingie nawe kwenye kikao. Kama hauko, muombe mfanyakazi mwenzako unayemwamini. Usiende peke yako ofisini kwa HR, mtu mmoja mbele ya watu watatu na kalamu imeshafunguliwa husaini vitu ambavyo nyumbani asingesaini.

Na vipi wakikuachisha tu? Basi hapo kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unajaza fomu namba moja, na una siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Thelathini, zihesabu vizuri, nimeona kesi nzuri kabisa zikifia hapo kwa sababu mtu alisubiri bosi arudi safari. Hata mtu aliyesaini kwa kulazimishwa anaweza kwenda kudai kwamba alisukumwa aache, sheria inalitambua hilo, ila mzigo wa kuthibitisha unakuwa mgongoni kwake na ushahidi wake mara nyingi ni neno lake tu. Kwaiyo hata kama wakati unasoma hapa ulishasaini jana, usikate tamaa, wahi CMA ndani ya hizo siku.

Nirudi kwenye mkono wenyewe, maana hujauliza na mimi naona ndo utaamua mambo mengi. Kidole gumba kimebaki, hiyo ni bahati kubwa sana, karibu kila unachoshika kinamtegemea yeye. Gumba na kile kidogo vinaweza kufundishwa vikutane, vishike kalamu, vishike ufunguo, vivute zipu, lakini vinafundishwa, haviji vyenyewe. Ulivyosema kampuni ililipa hospitali nahisi walilipa upasuaji na kufunga vidonda, baada ya hapo ukaambiwa nenda nyumbani. Rudi. Ulizia mtaalamu wa tiba kazi, sio fiziotherapia peke yake, tiba kazi ndo fani inayomfundisha mtu kurudi kwenye shughuli zake. Dar waulizie Muhimbili na CCBRT, na kwa wasomaji wa kaskazini KCMC Moshi wapo, tena ndo chuo chao kiko pale. Utengamao ni moja ya mafao ya WCF kwaiyo lizungumze huko huko ukipeleka dai, liwe sehemu ya faili lako, pamoja na kiungo bandia kama daktari ataona kinakufaa na mafunzo ya kazi mpya kama ya zamani imeshindikana.

Wakati unasubiri, zile ncha zilizokatwa kama zinachoma au zinashtuka hata ukiguswa na shuka, na vidonda vimeshafunga kabisa, anza kuzizoesha: pamba kwanza, taratibu, dakika chache mara kadhaa kwa siku, ukizoea unahamia taulo, alafu unazamisha mkono kwenye bakuli la mchele, baadaye maharage, unachezesha. Inaonekana kama mchezo wa mtoto ila ndo tiba yenyewe, na mkono usiozoeshwa mwenyewe anauficha mfukoni mpaka unakakamaa. Vibanio vya nguo kubana na kuachia kwa gumba na kidole kidogo, kukamua kitambaa chenye maji. Na mkono wa kushoto uanze kuandika leo, mstari mmoja kwa siku, jina lako na tarakimu sifuri mpaka tisa. Kwa kazi ya ukaguzi tarakimu ndo utakazoandika zaidi.

Cheti nacho. Una miaka sita kwenye mashine na sidhani kama una karatasi yoyote inayosema hivyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, unapimwa, penye pengo unafundishwa kidogo, unapewa cheti, na serikali kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi imekuwa ikiwagharamia watu kwenye hilo. Ulizia VETA Chang'ombe kama fani yako au ya jirani yake inapimwa kwa sasa. Ukiwa na cheti mkononi unazungumza na mwajiri mwingine ukiwa fundi, na hiyo inabadilisha kabisa anavyouangalia mkono wako. Kuna pia vyuo vya serikali vya watu wenye ulemavu, Yombo hapo hapo Dar ndo cha zamani, na Sabasaba Singida na Luanzari Tabora, lakini kwa mtu mwenye fani yake na ajira yake kama wewe, mimi ningevifikiria baadaye, kama kiwanda kimeshindikana kabisa. Vinawafaa sana vijana ambao hawajawahi kushika fani yoyote.

Kwa serikalini, ukiwa na sifa za nafasi iliyotangazwa, unaingia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, na kwenye maombi unatakiwa uainishe ulemavu ulionao. Watu wanauficha kwa kuogopa kukatwa. Usifiche, matangazo yenyewe yanawahamasisha wenye ulemavu waombe, na usaili unaandaliwa kwa taarifa uliyoijaza. TaESA nao, wakala wa huduma za ajira, jiandikishe, ni bure.

Sasa mke wako. Mwambie shemeji simpingi, mkopo upo kweli na hauna riba. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na hilo limo ndani ya sheria, halitegemei huruma ya mkurugenzi. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, na masharti ya idadi ya wanakikundi kwa watu wenye ulemavu ni mepesi kuliko ya makundi mengine, muulize akueleze yalivyo kwenye halmashauri yenu. Kabla ya hapo nenda serikali ya mtaa uandikishwe kwenye daftari la watu wenye ulemavu, itakusaidia kwa mambo mengi zaidi ya mkopo.

Ila ule ni mkopo. Duka jipya la mtaani Mbagala linachukua muda kabla halijaanza kulisha nyumba, na marejesho hayasubiri. Ningekuwa mimi ndo napanga nyumbani kwenu, ningepanga hivi: wewe baki kwenye ajira, pigania kazi ya ukaguzi, dai la WCF liende, na mkupuo ukitoka ndo shemeji aanze duka kwa sehemu ya hela yenu wenyewe bila deni la mtu. Mkopo wa halmashauri uje kulikuza duka ambalo tayari linauza. Mkianza na kusaini milioni moja na nusu, kwanza yenyewe haifiki miezi minne ya mshahara wako, na itaanza kuliwa kabla hamjapata hata fremu.

Kwa wengine mnaosoma ambao hamjaumia kazini, mna kiharusi, kifafa, kisukari kilichokula mguu, macho yanafifia: WCF haiwahusu isipokuwa ugonjwa umetokana na kazi yenyewe, na hapo magonjwa ya kazi kama ya mapafu kwa wachimbaji au masikio kwa wanaokaa kwenye kelele nayo yamo, wengi hawadai. Lakini ile likizo ya siku 126, ile kanuni ya mwajiri kutafuta mbadala kabla ya kuwaachisha, na ile sheria ya 2010, zinawahusu vile vile. Anayeishi na VVU naye, kubaguliwa kazini kwa hali hiyo ni kosa.

Wewe mdogo wangu kesho asubuhi mambo ni mawili tu, barua yako kwa HR ipigwe muhuri, alafu panda gari uende WCF na makaratasi yako. Ukifika dirishani omba namba ya dai lako uiandike, kwa mkono wa kushoto hivyo hivyo hata ikipinda, maana kila utakaporudi kuulizia watakutaka hiyo namba.